Mwalimu, mbona Wareno hawaji? Kisa cha klabu ya historia na ramani ya kujichorea

Majina ya watu, shule na mji nimeyaondoa, na alama chache za utambulisho nimezibadilisha. Wahusika nimewaita kwa kazi zao: Mwalimu, Mchoraji na Fundi. Mimi niliitwa kusaidia katikati ya safari, na sehemu ya makosa yaliyofanyika ni yangu.

Usuli

Europa Universalis IV ni mchezo wa mikakati ya kihistoria uliotoka mwaka 2013. Mchezaji hupewa dola moja na kuiongoza kwa karne kadhaa: kodi, ndoa za kifalme, vita, biashara. Huanza tarehe 11 Novemba 1444, siku moja baada ya vita vya Varna, ambapo Waturuki wa Osmani waliwashinda Wakristo wa Ulaya. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa macho ya Ulaya, lakini kwa mtu wa pwani yetu nayo si mbaya. Kilwa ilikuwa imekwisha kupita kilele chake cha siku za msafiri Ibn Battuta, aliyefika huko mwaka 1331, ila bado ilikuwa mji wenye jina, na ilikuwa imesalia zaidi ya nusu karne kabla ya merikebu za Mreno Vasco da Gama kuonekana. Kilwa imo ndani ya mchezo na unaweza kuichukua. Hata kitovu cha biashara cha upande huu wa bahari kimepewa jina la Zanzibar.

Mwalimu anafundisha historia katika sekondari moja ya pwani. Alikuwa na klabu ya wanafunzi 12, kompyuta 6, na nakala 6 za mchezo zilizonunuliwa wakati bei imeshushwa. Siku ya kwanza aliandika ubaoni swali la muhula mzima: *Kwa nini miji ya pwani haikusimama pamoja Wareno walipokuja?* Msomaji alishike swali hilo, maana kila uamuzi uliofuata nitaupima kwalo.

Kilichomuudhi Mwalimu ni ramani. Kisiwa cha Pate kilikuwa na miji ya Pate, Siyu na Faza, kila mmoja na wakubwa wake na ugomvi wake. Katika mchezo, kisiwa kizima na majirani zake hakina nafasi ya kuonyesha hayo. Wakati huohuo miji midogo ya Ujerumani imechorwa mmojammoja. Mwalimu aliona ni dharau, na sikuwa na la kumpinga.

Mchezo unaruhusu modi, yaani folda ya mafaili ya kujitungia inayowekwa pembeni ya mafaili ya asili. Ukiweka faili lenye jina sawa na la mchezo, lako ndilo litakalosomwa. Kazi ya modi ina matabaka. Chini kabisa kuna ramani yenyewe. Juu yake kuna mafaili ya historia, yanayosema nani anamiliki nini siku ya kuanza. Kisha kuna matukio, vile visanduku vinavyomjia mchezaji na kumtaka achague. Juu kabisa kuna maneno tu: majina na maelezo yanayosomwa kwenye kioo. Kadiri unavyoshuka, ndivyo gharama inavyopanda.

Wiki za rangi

Klabu ilianzia chini kabisa.

Ramani ya mchezo ni picha moja, provinces.bmp, yenye upana wa pikseli 5632 na urefu wa 2048. Kila jimbo lina rangi yake ambayo haipo mahali pengine popote kwenye picha. Mchezaji haioni rangi hiyo. Ni kitambulisho cha mashine. Faili la definition.csv ndilo linaloeleza rangi ipi ni jimbo lipi. Mstari wa Faza ulianza na namba ya jimbo, ukafuatiwa na 37;112;201;Faza;x. Tarakimu tatu za katikati ni kiasi cha wekundu, ukijani na ubuluu. Baada ya hapo unaongeza idadi ya majimbo kwenye default.map, unaonyesha mji na jeshi vikae wapi kwenye positions.txt, unaliingiza jimbo katika eneo lake, bara lake, hali yake ya hewa na kitovu chake cha biashara, halafu unalipa faili lake la historia na jina lake. Jimbo moja dogo, na umeshagusa mafaili kama kumi. Wao walitaka majimbo tisa.

Mchoraji ni fundi wa mabango mwenye mkono mzuri. Alichora mipaka kwa brashi laini, kama anavyochora bango la harusi, ili kingo zisikwaruze macho. Brashi laini huchanganya rangi pembezoni. Kati ya buluu ya Faza na kijani cha Siyu pakazaliwa rangi mamia ambazo hazimo kwenye orodha yoyote, na kwa mchezo kila moja ilikuwa jimbo lisilojulikana. Mchezo ukawa unajifunga kabla hata ya kufika kwenye menyu. Walihangaika nao wiki mbili.

Hapo ndipo nilipoitwa. Nilifungua error.log, faili ambalo mchezo huandika malalamiko yake, nikaona tatizo ndani ya dakika kumi. Kulirekebisha kulichukua usiku mbili: kufuta kingo zote, kuchora upya kwa kalamu isiyolainisha, na kuhifadhi picha kwa biti 24 bila taarifa za ziada za rangi. Jumamosi tukaufungua mchezo mbele ya klabu. Mwanafunzi mmoja akasogeza ramani hadi juu ya Lamu, akakaribia kioo, akaweka kidole: "Siyu! Kwa bibi!" Chumba kizima kilisimama kwenda kutazama.

Nilifurahi kama wao. Furaha hiyo ndiyo iliyonizuia kuuliza jambo moja nililopaswa kuuliza siku ileile: Siyu kuwa na rangi yake kunajibu vipi swali lililo ubaoni?

Kompyuta ya nne

Fundi, kijana aliyejifunza programu mwenyewe, alitaka dola za bara nazo ziwe na nguvu zaidi, hivyo akachukua modi ya mtu mwingine kutoka mtandaoni na kuiwasha pamoja na yetu. Modi ile nayo ilikuwa na provinces.bmp yake. Mchezo hauunganishi picha mbili. Moja huifunika nyingine. Siyu ikatoweka. Fundi akaanza kunakili vipande vya modi ile ndani ya yetu, bila kumwomba mwenyewe ruhusa. Hili halikuwa sawa na nilipaswa kulisimamisha. Vipande hivyo tulikuja kuviondoa baadaye.

Kisha kompyuta ya nne ikakataa kuingia kwenye mchezo wa pamoja. Kwenye menyu, kando ya namba ya toleo, mchezo huonyesha msimbo wa herufi nne unaotokana na mafaili yanayotumika. Wachezaji wote lazima wawe na msimbo mmoja. Kompyuta tano zilikuwa na mmoja, ya nne ilikuwa na wake. Tulitafuta alasiri nzima. Mtu alikuwa amerekebisha mstari mmoja wa jimbo kwenye kompyuta ile peke yake, kwa nia njema kabisa. Tangu siku hiyo folda ilikaa kwenye flashi moja aliyoishika Mwalimu, na kila kikao kilianza kwa kunakili folda ile kwenye mashine zote sita.

Julai 1505

Wakacheza. Jozi tano zilishika Kilwa, Mombasa, Malindi, Pate na Mogadishu. Jozi ya sita ilishika Gujarat ya India, upande wa pili wa bahari. Ureno iliachiwa kompyuta.

Kwa vikao vitatu mambo yalikuwa moto. Mombasa na Malindi walipigana mara mbili. Kalenda ya mchezo ikafika 1498, ikapita. Ikafika 1503. Mwanafunzi wa jozi ya Malindi akageuka: "Mwalimu, mbona Wareno hawaji?"

Tulichungulia. Ureno ya kompyuta ilikuwa Moroko, imezama kwenye vita, haina habari na bahari yetu.

Fundi akasema tusubiri. Alikuwa ameandika kwenye faili la historia la Kilwa kwamba Julai 1505 mmiliki ni Ureno, kama ilivyokuwa kweli Francisco de Almeida alipouteka mji. Chumba kikanyamaza. Siku zikahesabika juu ya kioo, moja baada ya nyingine, hadi Julai ikaisha. Kilwa ikabaki ya Kilwa. Jozi yake ilishangilia, wengine wakamtazama Mwalimu.

Hili ni kosa linalowapata karibu wote wanaoanza, na linahitaji kuelezwa polepole. Faili la historia linasomwa mara moja tu, unapoanza mchezo. Ukiuanzia 1444, mchezo unasoma mistari yote hadi 1444 na kuacha iliyobaki. Mstari wa 1505 una kazi pale tu mtu anapochagua kuanzia mwaka huo au baadaye. Faili hilo ni picha ya siku ya kuanza, wala haliamuru lolote baada ya hapo. Ukitaka jambo litokee katikati ya mchezo, unaandika tukio.

Wiki iliyofuata mchezo wenyewe ulipokea toleo jipya kupitia intaneti, kompyuta moja baada ya nyingine. Mafaili yetu ya ramani yalikuwa nakala za toleo la zamani, na mchezo mpya haukuyatambua. Toleo la zamani linaweza kurudishwa kupitia mipangilio ya Steam, duka la mtandaoni la michezo, na tungeweza kulirudisha. Lakini katika hangaiko Fundi alikuwa amepanga upya namba za majimbo yetu, na mchezo uliohifadhiwa hukumbuka majimbo kwa namba zake. Tulipoufungua, jeshi la Pate lilikuwa limesimama baharini na Siyu ilikuwa mali ya Mogadishu. Muhula ulikuwa umebakiwa na wiki mbili.

Uamuzi wa kuacha, na sababu zake

Tulikutana watu wazima wanne, bila wanafunzi. Mchoraji alitaka ramani itengenezwe upya, na alikuwa tayari kulala chini ya meza akiifanya. Fundi alitaka tuhamie mchezo mwingine. Mwalimu alinyamaza muda mrefu, kisha akasoma swali lake la ubaoni kwa sauti.

Likajieleza lenyewe. Swali lilihusu uamuzi wa watu: sultani wa Malindi kumpokea da Gama Aprili 1498 na kumpa rubani wa kumvusha hadi Calicut ya India, siku chache tu baada ya Mombasa kumwonyesha ubaya. Amir Ibrahim wa Kilwa, aliyeketi juu ya kiti chenye ugomvi wa urithi, kulazimishwa kulipa kodi mwaka 1502. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichohitaji mpaka mpya kwenye ramani. Vilihitaji visanduku vya kuchagua.

Tukaamua mambo manne kwa usiku mmoja. Ramani ya asili irudi, hata kwa gharama ya Siyu. Mchezo uanzie 1492, tarehe ambayo tayari imo katika orodha ya mwanzo, ili Wareno wasiwe mbali kiasi cha kusahaulika. Ureno ishikwe na wanafunzi badala ya kompyuta. Jozi ya Gujarat ikakubali kuhamia Lisbon. Na matukio yasizidi matano, kila moja likiwa na kauli mbili au tatu za kuchagua, bila jibu la lazima.

Nilitetea hoja ya mwisho kwa nguvu. Fundi alitaka tukio la 1505 liikabidhi Kilwa kwa Ureno moja kwa moja, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Nilimwambia kwamba mwanafunzi akiona mji wake unachukuliwa bila yeye kufanya lolote, atajifunza kwamba historia ni amri iliyoandikwa mahali, na hilo ndilo Mwalimu alikuwa akipambana nalo darasani miaka yote.

Matokeo

Muhula wa pili matukio yaliandikwa kwa wiki moja na nusu, na sehemu kubwa iliandikwa na wanafunzi wenyewe, kwa Kiswahili. Mchezo hauna lugha yetu. Una Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na Kihispania. Tukaandika Kiswahili ndani ya faili la Kiingereza. Kwa kuwa hatuna herufi zenye alama juu, fonti ya mchezo iliandika kila neno bila shida, hata *ng'ambo*. Tatizo lilitokea mahali pengine: siku ya kwanza kisanduku kilitokea kikiwa na maandishi *pwani.1.t* mahali pa kichwa cha habari. Faili lilikuwa limehifadhiwa kwa UTF-8 ya kawaida, yaani namna ya kompyuta ya kuhifadhi herufi, na mchezo huu hudai ile yenye BOM, alama fiche, mwanzoni. Ukihifadhi upya kwa namna hiyo, maneno yanatokea.

Kujaribu nako kulikuwa rahisi kuliko siku za ramani. Unafungua dirisha la amri katika mchezo wa mtu mmoja, unaandika *event pwani.1*, na tukio linakuja papo hapo. Huna haja ya kungoja hadi 1498. Ramani ilitutaka tufunge mchezo wote na kuufungua tena kwa kila pikseli iliyosogezwa.

Walicheza kutoka 1492 hadi 1512, mwaka ambao Wareno waliondoka Kilwa. Malindi walimpokea mgeni, kwa sababu walizotaja wenyewe: walikuwa wameshapigwa na Mombasa mara moja na walitaka mtu wa kuwalinda. Kilwa walilipa kodi, wakaikasirikia miji mingine kwa kutowasaidia. Mombasa walikataa, kisha wakatuma ujumbe Pate kuomba umoja. Pate wakajibu watafikiria, na wakafikiria hadi mwisho wa mchezo.

Jozi ya Ureno haikuiteka Mombasa. Haikuwa na fedha za kutosha kwa meli. Mwalimu akaitumia hali hiyo kuwaeleza kwamba Almeida aliondoka Lisbon mwaka 1505 na meli zaidi ya 20, na kuwauliza nani alilipia meli hizo na alitarajia kupata nini. Mjadala ule ulichukua vipindi viwili. Nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa, na nilisikia wanafunzi wakijibishana juu ya swali la ubaoni bila mtu kuwakumbusha.

Uchambuzi

Kosa kubwa lilikuwa mpangilio. Klabu ilianza na tabaka ghali kuliko yote kwa sababu ndilo linaloonekana. Ramani inapendeza, unaweza kumwonyesha mgeni. Tukio ni kisanduku cha maneno. Lakini ramani ndiyo inayovunjika mchezo ukipata toleo jipya, ndiyo isiyokaa na modi ya mtu mwingine, na ndiyo inayoharibu michezo iliyohifadhiwa. Mwalimu akiniuliza leo, nitamwambia aanze na maneno na matukio, na aguse ramani pale tu swali lake linapohusu mahali kwa kweli: mipaka, umbali, nani anapakana na nani.

Kosa la pili ni langu. Nilipoitwa nilikuta tatizo la rangi, nikalitatua. Kulitatua kulifanya njia isiyofaa ionekane inapitika, na klabu ikapoteza wiki nyingine tano. Kama mchezo ungeendelea kujifunga, huenda wangeacha ramani mapema. Aliyeitwa kurekebisha hitilafu anatakiwa kuuliza kwanza kazi ni ya nini. Sikuuliza.

Jaribio moja la bei nafuu lingetuokoa muhula: kuuwasha mchezo wa asili bila mchezaji, kwa amri ya *observe*, ukaenda wenyewe hadi 1510, mara nne au tano usiku kucha. Tungeona mapema kama Ureno ya kompyuta inafika pwani kwa wakati au haifiki.

Yaliyofaa: flashi moja mkononi mwa mtu mmoja, kusoma error.log kabla ya kukisia, kuwapa wanafunzi kalamu ya kuandika matukio, na kuwapa watu wenye akili dola tuliyotaka itende kama watu.

Kuna jambo moja ambalo hakuna tabaka lililotusaidia. Biashara katika mchezo huu hutiririka upande mmoja tu kati ya vitovu, na mtiririko hauruhusiwi kuzunguka na kurudi ulikotoka. Mwalimu alitaka kaskazi ilete majahazi kutoka Arabuni na Gujarat, na kusi iyarudishe, kwa sababu bila kusubiri upepo huwezi kueleza kwa nini wageni walikaa miezi mjini, wakaoa, wakajenga. Fundi alijaribu kuunganisha vitovu viwili kwa pande zote mbili, mchezo ukakataa. Tuliishia kuandika tukio la kila mwaka linaloiongezea Mombasa mapato kwa siku kadhaa za kaskazi. Lilifanya kazi, lakini lilikuwa kiraka. Mwalimu aliliondoa na badala yake akawapeleka wanafunzi kwa nahodha mmoja mstaafu, wakakaa naye asubuhi nzima juu ya gati wakimsikiliza.

Na Siyu? Kumfuta bibi wa mtu kwenye ramani kuliuma zaidi ya nilivyotarajia, na tulifanya vibaya kuamua bila wanafunzi kuwepo. Mwanafunzi yule aliuliza kikao cha kwanza cha muhula wa pili, na hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu zuri. Baadaye aliandika tukio la tatu la modi: mjumbe anafika Pate akitokea Siyu, na Pate inatakiwa kuchagua kama itamsikiliza. Kutia jina la Siyu katika maneno kulimchukua dakika kumi.